Masanja, Kabla Doto Hajakupigia

Mabatini, Mwanza
Jumapili jioni

Masanja ndugu yangu,

Mwangaluka. Najua huko Dar siku hizi unaitikia "poa" tu, lakini ipokee hivyohivyo. Sisi wazima, watoto wazima, dagaa wamepanda bei. Salamu zitoshe, kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla Doto hajakupigia, maana akisimulia yeye gari litakuwa limetumbukia ziwani.

Halikufika ziwani. Lilipitia banda la kuku la Mama Ng'wasi.

Ngoja nianze mwanzo. Ile Land Rover ya mzee ilianza kudondosha oili puani mwa difu, lile bakuli la gia katikati ya ekseli ya nyuma, pale propela, ule mhimili unaotoka gia boksi, inapoingilia. Mwanzo tone tone, nikawa naweka kopo la rangi chini usiku. Baadaye propela ikawa inairusha, tumbo lote la gari limelowa na vumbi limegandia juu yake kama ukoko. Mwezi uliopita nilivuka daraja kwenda Sengerema kumwona shangazi. Niliporudi nikaongeza karibu nusu lita ya oili namba 90, na difu yenyewe inachukua lita moja na robo tatu hivi. Nikasema basi, sili ya pinioni, ile pete inayozuia oili isitoke hapo puani, nabadilisha.

Nikaazima fundi mmoja kutoka gereji moja hapo chini. Kijana mzuri, ila amekulia kwenye Toyota. Kaja na spana namba 14 na 15. Kumi na nne haiingii, kumi na tano inacheza na kula kona za nati. Nikatoa ile ya mzee ya inchi, tisa-kwa-kumi na sita, bolti nne zikafunguka kama zilikuwa zinatusubiri. Tukaishusha propela. Halafu akaniambia ile nati kubwa ya pinioni nisiiguse bila kuipiga alama, eti nikiikaza kupita kiasi nitaua beringi. Kwa magari yenye kile kibomba kinachojikunja katikati ya beringi kijana yuko sahihi kabisa. Hii ya kwetu imepangwa kwa shimu, vile visahani vyembamba vya chuma, unakaza, unarudisha pini yake, basi. Tukabishana hapo kama robo saa.

Nikaingia ndani kutafuta soketi kubwa. Doto alikuwa amekuja kutazama, kama kawaida yake, hana pa kukaa. Akauliza, "Hili jiwe la nyuma ya tairi nilichukue?" Nikamjibu kwa dirishani, Masanja, kwa mdomo wangu huu: "Chukua tu, hanbreki imevutwa, na gia ipo."

Hanbreki ya Land Rover ile haishiki matairi. Inashika mzunguko kule nyuma ya gia boksi, halafu propela ndiyo inaupeleka kwenye ekseli. Ukishaishusha propela, hanbreki na gia vinashika hewa. Nalijua hilo! Nimelijua tangu tukiwa watoto, ila siku hiyo lilikuwa limenitoka kabisa.

Nilisikia kokoto zinasagika taratibu, kama mtu anatembea na ndala. Nikatoka, gari linateremka kinyumenyume bila haraka, Doto kakaa juu ya jiwe lake analiangalia. Fundi alikuwa ameenda kunywa maji, Mungu mkubwa. Likapita bandani, kuku wakaruka, likaenda kugota kwenye lile jiwe kubwa tulilokuwa tunaanikia uniform. Mwanza mtu hukosi jiwe la kukuzuia.

Hasara: taa ya nyuma kushoto imekwisha, kona ya bodi imebonyea kiganja kizima. Banda nimejenga upya, mabati mawili na mbao. Kuku wote wapo. Jogoo alipotea siku mbili, akarudi, ila hawiki.

Unakumbuka mzee alivyokuwa akisimama popote, hata tambarare, lazima mmoja wetu aruke na jiwe? Tulikuwa tunamcheka.

Sasa sili yenyewe. Flanji, kile kipande cha pinioni propela inapofungwa, ilipotoka nikapitisha ukucha pale midomo ya sili inapokaa, ukucha ukanasa. Pamechimbika mfereji mzima. Nikapiga msasa mwembamba, nikaweka sili mpya hivyohivyo, moyo unakataa. Siku nne, tone. Ndipo nikakumbuka kipumulio juu ya ekseli. Kimezibwa na udongo, mgumu kama tofali. Sijui ni tope la safari au nyigu walijenga. Nilipokilegeza difu ikiwa ya moto kikatoa "psss" ndefu. Kumbe hewa ya moto ilikuwa ikikosa njia na kuisukuma oili ipite kwenye sili. Nimekiosha kwa petroli, sasa linavuja kidogo sana, lakini mfereji upo palepale.

Kwa hiyo naomba upite Gerezani. Flanji ya pinioni, Series III ya chesi fupi, na sili yake. Flanji ikiwa ya mtumba pitisha ukucha kabla hujatoa hela. Sili iminye midomo, ikiwa mikavu achana nayo. Nitumie kwa basi, pesa nakurushia ukiniambia bei. Na kioo cha taa, ukikiona.

Mzee anaendeleaje na mguu? Bado anauliza kila Jumapili gari linalala wapi? Nimwambie mimi, au utatafuta siku amekula vizuri umwambie wewe? Ile kona iliyobonyea niinyooshe kwanza au nisubiri aione? Na shemeji alishaanza kazi? Halafu Doto, nikimpiga marufuku uani kwangu utanilaumu?

Ni mimi,
Kulwa