Risala ya wanafunzi wa kitengo cha biashara, Lubumbashi, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bwana Prefe (mkuu wa shule yetu), walimu wetu, mama na baba,

Karibu sana shuleni kwetu. Umetumikia duane, yaani idara ya forodha, kwa miaka mingi, kwa hiyo leo hatukuombi madawati. Tunaomba sauti yako.

Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu, Kongo, ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tulifurahi, na furaha hiyo bado tunayo. Lakini Jumuiya ni umoja wa forodha tangu 2005, na hapo kila nchi haijipangii tena ushuru wa bidhaa zitokazo nje. Malighafi hailipi kitu, bidhaa zisizokamilika hulipa asilimia 10, zilizokamilika 25, na tangu Julai 2022 nyingine hulipa 35. Ushuru wetu sisi umejengwa juu ya asilimia 5, 10 na 20. Tukihamia huko, bei ikipanda Lubumbashi, Kinshasa haitapunguza ushuru kwa uamuzi wake yenyewe. Itapeleka ombi kwa mawaziri wa nchi nyingine na kungoja.

Hofu yetu kubwa ni bukari, yaani ugali. Mji huu unakula mahindi na unga mwingi wa Zambia, na Zambia haimo katika Jumuiya. Katika Jumuiya, mahindi na unga wake vitokavyo nje vimo kwenye orodha ya bidhaa nyeti, zinazotozwa ushuru mkubwa zaidi: asilimia 50. Ni kweli kwamba itifaki ya umoja huo wa forodha inaruhusu ahadi za zamani kwa jumuiya nyingine za biashara ziheshimiwe: Kenya na Uganda zimebaki COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) pamoja na Zambia, na Tanzania, iliyotoka COMESA mwaka 2000, imebaki SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika). Njia ipo, basi, ila lazima wakubwa wetu waidai mapema na kwa maandishi. Kongo imo COMESA, SADC na CEEAC (jumuiya ya uchumi ya Afrika ya Kati) pia, na hakuna nchi inayoweza kutoza ushuru wa pamoja wa namna mbili kwenye mpaka mmoja.

Agosti 2024, Kongo ilipozuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache. Hata siku hizo chache zilitosha kuutia mji wasiwasi. Tena barabara ya Dar es Salaam, ambayo ndiyo mlango wetu wa kwenda kwa wenzetu wa Jumuiya, inapita Tunduma kwenye mpaka wa Tanzania, inakatiza Zambia, ndipo ifike Kasumbalesa kwenye mpaka wetu. Sisi wa kusini tunaingia katika umoja huu kwa kupitia nchi isiyo mwanachama.

Tunajua wakulima wa Haut-Katanga wangependa asilimia 50 hiyo iwalinde. Nao wasikilizwe. Kwa maoni yetu, mbolea na barabara za kutolea mazao vitangulie, ushuru ufuate. La sivyo atakayelipa ni mama anayenunua unga kwa kipimo sokoni.

Mheshimiwa, tunakuomba uwafikishie wanaojadili ushuru huo kwamba wasagaji, wakulima na mama wa soko wa hapa wanataka kuulizwa kabla haujaanza kutozwa. Na kwa maktaba yetu tunaomba nakala ya orodha ya ushuru inayotumika sasa, maana mpaka leo tunajifunza kwa kurasa zilizonakiliwa ubaoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kitengo cha biashara