Krismasi ya mtaa mzima

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu. Kwenye simu uliniuliza kwa nini mbuzi wetu wa Krismasi anachinjwa na mzee Mwislamu wa nyumba ya pili, na siyo baba yako. Mwenzako kazini anasema huko ni kuchanganya dini.

Hapana, mama. Yule mzee anachinja ili pilau yetu iliwe mtaa mzima. Tukichinja wenyewe, chakula kitaishia humu ndani, na Krismasi ya kujifungia siitaki. Idi wao wanatuletea biriani hata jiko hatujawasha. Sisi tuwape nini, maneno?

Mapadri wa Roho Mtakatifu walipokuja hapa kutoka Unguja mwaka 1868, waliokaa nao misheni walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, kila mmoja na kabila lake la bara. Ndiyo maana Krismasi ya hapa haina kabila. Imekulia ndani ya mji wa Waislamu, ikajifunza adabu za pwani.

Bibi yako alisali misa kwa Kilatini, ngoma zikisikika nje tu, kwenye sherehe. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ngoma na kayamba zikaingia kanisani. Siku hizi wimbo wa Utukufu ukianza kwenye misa ya mkesha, vigelegele vinapigwa kama bibi harusi anaingia. Napenda sana pale!

Na mwaka 2000, ulikuwa mdogo, Krismasi iliangukia Ramadhani. Mchana hatukutoa sahani hata moja. Tulingoja adhana ya magharibi, ndipo tukabeba pilau na tende, majirani wakafuturu kwa chakula cha Krismasi. Siku chache baadaye ikawa Idi, zikarudi sahani zetu zimejaa. Kwa hesabu ya mwezi, mwaka 2031 Krismasi itaangukia Ramadhani tena, Mungu akitupa uzima.

Sasa wewe una nyumba yako. Tafuta jirani Mwislamu mapema, umwombe kwa heshima aje kuchinja, umpe na sehemu yake ya nyama. Sahani ya mtu usiirudishe tupu, hata kwa maandazi mawili. Nimekununulia makawa mapya ya kufunikia. Nayatuma kwa basi la Ijumaa, mwambie mkweo kawa moja ni lake.

Mama yako