Kwa rafiki yangu, kuhusu vifyatulio viwili vya gobore lako

St. Louis, Missouri

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kwamba hatimaye umepata gobore la mtindo wa Hawken (bunduki ya zamani ya kushindilia kwa mdomoni), ingawa nasikitika kuwa limeanza kukusumbua kabla hujalizoea. Unasema kwamba mara nyingine ukigusa kifyatulio cha mbele nyundo inanasa katikati wala haifiki kwenye fataki (kikombe kidogo kinachowasha baruti), na kwamba juzi, baada ya kulisafisha, nyundo ilikataa kabisa kusimama. Nakusihi usishike tupa. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na sidhani kama lolote kati yake linahitaji kukwangua chuma.

Kwanza hakikisha halina kitu ndani. Toa fataki, ingiza mdeki (fimbo ya kushindilia) mpaka mwisho, tia alama kwenye mdeki pale unapokutana na mdomo wa mtutu, kisha ulaze mdeki huo nje, sambamba na mtutu, alama ikiwa kwenye mdomo; kama ncha yake haifiki karibu na kifa (chuchu ya chuma inayovishwa fataki), chukulia kwamba gobore limeshindiliwa.

Kifyatulio cha nyuma kazi yake ni kutega, kama mtu anavyotega mtego wa panya: ukikivuta kinakunja kamani na kunasa kwa mlio mdogo. Ukigusa cha mbele, kamani inafunguka, na ulimi wa kile cha nyuma unaruka juu na kuupiga mkono wa kizuizi kilichoishika nyundo. Pigo hilo ni la ghafla, kwa hiyo kizuizi kinainuka na kurudi mara moja, wakati nyundo bado iko njiani, na kingeweza kunasa kwenye pengo la nusu (mkato unaoisimamisha nyundo katikati ya mwendo) kama kusingekuwa na kipande kidogo sana cha chuma kinacholiziba pengo hilo nyundo inapopita. Mafundi wa huku wanakiita "nzi". Nzi huyo akigandishwa na mafuta ya zamani, nyundo inanasa katikati kama ulivyoeleza. Toa mtambo (sehemu yenye nyundo, kizuizi na nzi) kwenye ubao wa gobore, uoshe, kisha uinamishe huku na huku uone kama nzi anacheza kwa uzito wake mwenyewe. Tone moja la mafuta mepesi linatosha. Kama yuko huru na tatizo bado lipo, paka masizi ya mshumaa kwenye mkono wa kizuizi, urudishe mtambo na kuujaribu. Alama nyeusi kwenye ubao itakuonyesha mahali unapokwaruza. Tazama pia skrubu inayoshikilia kamani ya vifyatulio, kwa sababu ikilegea pigo hupoteza nguvu.

Tatizo la pili nalijua kwa uchungu. Mwaka wa kwanza nilipokuwa na langu, nilimaliza kulisafisha nikakaza skrubu zote kwa nguvu zangu zote, na nyundo haikusimama tena. Niliamini pengo limelika, na tupa ilikuwa tayari mkononi. Nilipoutoa mtambo na kuujaribu peke yake, nyundo ilisimama imara. Kosa lilikuwa kwenye ile skrubu ya juu, nyuma ya mtutu, inayoshuka kupita ubao hadi kwenye bamba la vifyatulio: nilikuwa nimelivuta bamba likazama ndani ya ubao, na ndimi za vifyatulio zikawa zinausukuma mkono wa kizuizi muda wote. Nililegeza skrubu nusu mzunguko, nyundo ikashika. Baadaye nilikata kipande chembamba cha shaba nikakiweka kati ya bamba na ubao, na hadi leo halijanisumbua. Jaribu hivyo. Lakini nyundo ikikataa kusimama hata mtambo ukiwa nje, mpelekee fundi wa bunduki.

Ile skrubu ndogo iliyo kati ya vifyatulio viwili irekebishe mwisho kabisa, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ukiiingiza, kifyatulio cha mbele kinakuwa chepesi. Ukizidisha, cha nyuma hakinasi kabisa, au kinanasa na kujifyatua kwa mtikisiko. Mimi hugonga kitako cha gobore tupu juu ya zulia, likiwa limetegwa, na nyundo ikianguka naitoa skrubu kidogo. Weka kipande cha ngozi juu ya kifa, usikiharibu kwa majaribio. Na ukitaka kutegua bila kufyatua, ishike nyundo kwa kidole gumba, vuta cha nyuma ukishikilie, gusa cha mbele, uachie cha nyuma taratibu, kisha teremsha nyundo polepole hadi pengo la nusu.

Jacob na Samuel Hawken walikuwa na karakana yao katika mji huu huu, na bunduki zao zilikwenda na wawindaji hadi milima ya Rocky, mbali na fundi yeyote. Jacob alifariki mwaka 1849 kwa kipindupindu. Ninapopita karibu na mto huwafikiria wawindaji wale, ambao walilazimika kuyamaliza matatizo kama haya kwa bisibisi na subira.

Niandikie mara utakapoutoa mtambo, unieleze kama nyundo inasimama ukiwa nje ya ubao.

Wako daima,
rafiki yako