Heri ya Somo, Mama

Newbridge, Kaunti ya Kildare, Ayalandi
Jumatatu, 2 Februari 2026

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, watoto wanakua, kazi ipo. Mguu unaendeleaje? Ujumbe wa Kaka kuhusu bati za jikoni niliupata wiki iliyopita, na lile jambo jingine, la kutaka kuuza bondeni kwetu, pia nililisoma. Nitalifikia. Kwanza nikupe heri ya somo, maana jana ilikuwa siku yako na simu ilikataa kabisa kushika.

Mwambie Shangazi sibishani naye tena kuhusu somo wako ni Mtakatifu Brigita yupi. Brigita wa Julai ni wa Uswidi, na heshima yake anayo. Lakini wewe ulibatizwa mwanzoni mwa Februari, na Babu alituambia kwa kinywa chake kwamba padre alilitoa jina kwenye kalenda. Wa Februari ni huyu wa Kildare, huku wanamwita Brigid, na mimi nakaa mwendo mfupi wa basi kutoka mji wake. Tangu 2023 sikukuu yake ni mapumziko nchi nzima, ya kwanza hapa kupewa jina la mwanamke. Kazini nimewaambia wote kwamba mama yangu ni Brigita. Walitaka nije leo, na anayefanya kazi siku kama hii hulipwa zaidi, ila nilikataa. Leo nimekaa na wanangu.

Sherehe yenyewe huanza mkesha. Jumamosi jirani yetu, yule bibi aliyetupa kabati, alitupeleka shambani kwa ndugu yake kutafuta majani ya kusukia msalaba wa Brigid. Yanaota penye tindiga, marefu, ya mviringo kama mrija. Hayakatwi kwa kisu, hung'olewa kwa mkono, ndiyo desturi. Yohana alizama tope mpaka magotini na hakulia. Binti yangu, wajina wako, alibeba mzigo wake mwenyewe kichwani, na sikuwahi kumfundisha.

Sasa sikiliza msalaba unavyosukwa, Mama, maana hapa ndipo nilipokukumbuka mpaka nikaenda kusimama jikoni peke yangu. Unashika jani moja wima. La pili unalikunja katikati, unalipachika juu ya lile, ncha zielekee kulia. Unageuza kazi yote robo mzunguko, unakunja jingine juu ya lililotangulia, unageuza, unakunja. Ndani ya jani mna uboho mweupe, laini kama sufi, na ukikunja kwa pupa jani linapasuka uboho unatokeza. Siri iko kwenye kidole gumba, kisilegee hata unapovuta pumzi. Mwisho unafunga ncha nne kwa uzi. Mwaka jana jirani alinionyesha mara moja tu, vidole vikaenda vyenyewe. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Muheza, barazani kwa Bibi, kwa chane za ukindu, na kwamba Bibi alikuwa akinipiga gumba kila ukili ulipolegea.

Mwaka huu wajina wako amesuka wake peke yake. Ana miaka sita! Jana kanisani misalaba ilibarikiwa, na padre aliunyanyua wa kwake watu wote wauone. Nilikaa wima kwenye benchi kama mama wa bibi harusi. Sasa umetundikwa juu ya mlango wa jiko, kuilinda nyumba na moto, na utakaa hapo mpaka mwaka kesho.

Halafu Kaka anaandika kwenye grupu siku ya Noeli, mbele ya ukoo mzima, kwamba wanangu hawana kwao. Neno lile halijanitoka, Mama, nalala nalo. Mtoto anayekaza mkunjo kwa gumba la Bibi anakosaje kwao?

Ngoja nikupe lingine. Usiku wa mkesha, zamani, msichana wa nyumba alitoka nje na fungu la majani, akabisha mlango kwa niaba ya Mtakatifu. Akiwa kizani husema, pigeni magoti, fumbueni macho, mkaribisheni Brigid ndani. Waliomo ndani hujibu kumkaribisha. Basi nilipomweleza wajina wako, alisema, "Mama, hiyo si ni hodi?" Akatoka na koti lake, jua limeshazama tangu saa kumi na moja jioni, nikamsikia nje anapaza sauti, "Hodi! Hodi wenyewe!" Yohana akapiga magoti, macho kayatoa, akajibu "Karibu!" mara tatu mpaka jirani akasikia ukutani. Tukala viazi vya kuponda na kabichi, kishimo katikati kimejaa siagi. Siagi ya huku ni ya njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Baba yao alikula sahani mbili.

Wakati wa kulala niliwapa hadithi ya joho. Brigid alimwomba mfalme wa Leinster ardhi ya kujengea watawa wake, mfalme akakataa. Akasema basi nipe panapoenea joho langu. Mfalme akacheka, akakubali. Joho likatandazwa, likaenda, likaenda, likafunika Curragh yote. Uwanda huo tunauona tukipanda basi kwenda Kildare, ekari karibu 5,000 za majani matupu na kondoo mpaka leo. Yohana akawaza, kisha akaniuliza, "Kanga ya Bibi ikitandazwa bondeni, itafika wapi?"

Nilimwambia itafika mtoni. Na nilikusudia kila neno.

Kwa hiyo jibu langu kwa Kaka ni hilo, umsomee. Bondeni hapauzwi. Karatasi aliyoipiga picha akanitumia sitaitia sahihi, leo wala Pasaka. Yule mnunuzi ataanza kwa kung'oa mikindu, kila mtu anajua, na mikindu ile Bibi aliichana ukindu tangu kabla wewe hujaolewa. Kama shida ni ada ya watoto wake, aniambie shida. Mimi ni dadake, sijawahi kumnyima. Lakini asinipitie kwa mtu wa kupima viwanja kisha anipe habari mambo yakiwa yamekwisha.

Bati nimezituma leo asubuhi, hela ya bati ishirini za geji 28 na misumari, pamoja na ya fundi. Zitaingia kwenye simu yako wewe. Ya kisima tunajua ilivyokwenda, sirudii. Mwite Baba Neema akuhesabie bati zikishuka.

Kazi ni ile ile, zamu za usiku zimezidi kidogo. Tuyaache.

Kanga uliyonifunga siku ya kuondoka niliianika nje usiku ule wa mkesha. Ndivyo wanavyofanya hapa, kitambaa kinalala nje ili Mtakatifu akipita akiguse, kisha kinatunzwa kwa kufunga kichwa kinapouma. Asubuhi niliikuta imelowa, nikaiingiza watoto wakaishika kila mmoja na pindo lake. Jirani alisema huwa inachanwa, kila mtu wa nyumba apate kipande. Nilishindwa kuichana.

Ila haina tena harufu yako. Imefuliwa mara nyingi mno. Mgeni wetu atakayekuja Aprili mpe nyingine aniletee, lakini usiende dukani. Nataka uliyokwisha kuivaa.

Mwanao akupendaye,
Mama Brigita