Tataki siyo samaki mbichi, jamani

Mhariri salaam,

Kuna msomaji wenu aliandika eti Wajapani wanakula samaki mbichi tu, mi nikacheka, maana huyo hajafika Kochi, kule kisiwa cha Shikoku. Pale soko la Hirome nilisimama nikamwangalia jamaa anababua katsuo, samaki wa ukoo wa jodari, tena siyo kwa mkaa, kwa mabua makavu ya mpunga. Mabua yanalipuka moto mkubwa ghafla, mnofu unapitishwa kwenye ndimi za moto kidogo tu, ngozi inababuka na kunukia moshi ila ndani bado mwekundu kabisa, halafu anakatwa vipande vinene kama kidole, chumvi, kitunguu saumu kibichi, basi, hiyo ndiyo tataki.

Tataki maana yake kupigapiga, ile chumvi au sosi wanaipigapiga juu ya mnofu iingie. Wenyeji wanasimulia eti bwana mkubwa wa Tosa, jina la zamani la Kochi, aitwaye Yamauchi, alipiga marufuku samaki mbichi, watu wakababua nje ili aonekane kaiva. Ujanja huo!

Nyama ya ng'ombe nayo wanaifanya hivyohivyo, ila mi nilirudia samaki, sahani mbili.

Msomaji wenu, Tanga