Meli yenye jina la Nansen

Lamu

Sahibu yangu Athmani,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kusi imeshika, vyombo vingi vimepandishwa pwani, nami nashinda na baba kwenye kalafati, tukiziba nyufa za mashua.

Uliniuliza Idi iliyopita: ile meli ya utafiti ya Norwei, Dr. Fridtjof Nansen, iliyopima samaki maji ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, huyo Nansen alikuwa nani? Nilinyamaza, na swali likanikaa. Nimesoma.

Mwaka 1881 meli ya Marekani, Jeannette, ilipondwa na barafu kaskazini ya Siberia. Miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaokotwa Greenland, upande wa pili wa bahari! Nansen, mpelelezi Mnorwei wa nchi za barafu, akafikiri kama mvuvi: kilichobeba mabaki kitabeba na meli. Akataka chombo akiingize barafuni kwa makusudi, kinaswe, kichukuliwe na mkondo.

Fundi Colin Archer akamuundia Fram. Tumbo lake mviringo kama kifuu cha nazi, mkuku, uti wa chini ya chombo, hauchomozi, ubavu wa mbao unene wake wapita nusu mita, usukani na rafadha vyapandishwa juu. Barafu ikibana haipati pa kushika, chombo chainuka chenyewe. Nilipomsomea baba aliweka nyundo chini, akapitisha kiganja kwenye ubavu wa mashua tunayoitengeneza. “Na mataruma, zile mbavu za ndani?” akauliza. Nikamwambia yamesongamana, hayapitishi hata ngumi. Akatikisa kichwa kwa raha, nami miaka sijamwona hivyo.

Ilinaswa Septemba 1893, ikatoka Agosti 1896, nzima. Humo Nansen aliona barafu haifuati upepo sawasawa, yakengeuka kulia. Mswidi Ekman, mtaalamu wa bahari, akaja kuieleza kwa hesabu: ni mzunguko wa dunia, na kusini ya ikweta maji hukengeuka kushoto.

Baadaye alihangaikia wakimbizi, wasio na nchi akawapatia hati za kusafiria, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922. Naipenda ile meli yenye jina lake zaidi kwa hilo.

Meli ya utafiti iliyopo sasa ni ya tatu kwa jina hilo, tangu 2017, na hupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa. Samaki huwatafuta kwa kupeleka sauti chini na kusikiliza mwangwi. Wewe uko karibu na Mombasa kuliko sisi. Ukisikia imetia nanga huko, nipigie hata usiku wa manane. Baba anataka kuona omo yake, pale mbele.

Nduguyo,
Omari