Shukrani kwa mzee wa koti la kijani, Sao Hill

Wiki iliyopita dingdong yetu, mashine ya kupasulia mbao, ilitugomea porini Sao Hill, magogo ya paini yamelala chini na Fuso ya mteja inasubiri. Msumeno ulikuwa unayumba, ubao unatoka mnene huku, mwembamba kule. Sisi vijana tukamlaumu mnoaji.

Akapita mzee mmoja na pikipiki, jina hakutaja. Akatuambia tuzime injini, akavua mkanda, akazungusha shafti kwa mkono huku ametega sikio. "Wanangu, meno hayana kosa. Beringi imekufa." Kweli, grisi ilikuwa imegeuka uji mweusi uliojaa vumbi la mbao. Akatoa beringi kwenye begi lake, akaifunga, kisha akavuta uzi kati ya puli mbili mpaka zikakaa mstari mmoja. Mwisho akafuta utomvu kwenye msumeno kwa tambara lenye dizeli, jambo ambalo (nakiri) hatukuwahi kulifanya. Saa mbili nzima zilimwishia pale.

Pesa alikataa, hata ya beringi. Mzee wetu, shikamoo, na asante sana. Ukisoma hapa, beringi yako mpya ipo kwangu. Na ninyi wenye mashine, tembeeni na ya akiba. Utamkuta mwenzio amekwama.